Firigisi Chini ya Kimwezi

Kwa muda mrefu nilidhani namtafutia baba mdogo pai ya kumpendeza. Kila Jumamosi nilijaribu namna nyingine, na kila namna iliyokuwa laini kuliko iliyotangulia aliisifu zaidi, nami nikafurahi kama mtu aliyeokota ufunguo wa nyumba nzuri. Kumbe sikuwa nafuata ulimi wake. Nilikuwa nafuata koo lake, na koo lilikuwa linajifunga.

Tuliishi watatu katika nyumba nyembamba ya mtaa wa Lozells, huku kwa Waingereza: baba mdogo, mkewe ambaye mimi humwita mama, na mimi. Walinichukua kutoka Tanga nikiwa darasa la tano, baada ya wazazi wangu kufariki. Siku ya kwanza niliposhuka uwanja wa ndege nikiwa natetemeka ndani ya koti la kuazima, baba mdogo aliinama akaniambia, "Usilie. Baba yako hajaondoka, amepungua urefu tu." Ni kweli alikuwa mfupi kuliko kaka yake. Mimi ananiita mama, kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu kuna mama wawili na hakuna mtoto, na bado kila mmoja anajua anayeitwa ni nani.

Shule ya huku niliimaliza kwa kusukumwa mgongoni. Nikapata kazi katika jiko la nyumba ya wazee kule Edgbaston, kwenye mitaa yenye miti mikubwa, ambako hata mvua huanguka kwa adabu. Mpishi mkuu ni mama wa Kiingereza mwenye mikono iliyojaa alama za oveni. Humwita kila mtu bab, mkubwa na mdogo, ndivyo walivyo wenyeji wa hapa. Yeye ndiye aliyenifundisha pai ya kuku.

"Baridi, bab, baridi!" alikuwa akinikemea. "Siagi ya baridi, maji ya baridi, vidole vya baridi. Ukiupenda unga sana unakuwa mgumu."

Nilijifunza kusugua siagi kwenye unga kwa ncha za vidole mpaka ufanane na chenga za mkate, kisha kuukusanya kwa maji kidogo na kuuacha upumzike kwenye friji. Kuku anachemshwa, anachambuliwa, anarudishwa kwenye mchuzi mzito wa maziwa pamoja na karoti, njegere na kile kitunguu kirefu cha majani wanachokiita liki. Ganda moja chini, ganda moja juu. Kwenye ganda lake yeye hutia mafuta ya nguruwe, na mimi nikaweka kichwani kwamba kwetu itakuwa siagi tupu.

Yeye ana msimamo mkali kuhusu ganda la chini. "Wako watu wanafunika juu tu na wanadai wamepika pai," alisema, kama anayezungumzia wezi. "Hiyo si pai. Ni mchuzi uliojifunika shuka."

Siku moja alinipa ndege. Ni kindege cheusi cha udongo, kina uwazi tumboni na mdomo umeelekea juu. Kinasimamishwa katikati ya pai, ganda linakizunguka shingoni, na mvuke wote unatoka kwa mdomo wake ili ganda lisipasuke. Nilikileta nyumbani nimekifunga kwenye skafu. Mama alikitazama akarudi nyuma.

"Hiki ni nini? Ndege mweusi, mdomo wazi, ndani ya chakula? Kitoe."

"Ni koo la pai, mama. Bila yeye mvuke hauna pa kupita."

"Koo!" Baba mdogo akacheka kwenye kochi. "Muache apumue, mke wangu. Kila kiumbe na koo lake."

Pai yetu ya kwanza haikuwa ya Kiingereza. Mama hakuniachia. Alimchemsha kuku na tangawizi na pilipili manga, akamimina tui mahali pa maziwa, akasema sasa hiki kinaweza kuitwa chakula. Tena hakukubali kuku wa dukani aliyekatwakatwa. Kwa mchinjaji wetu tunachukua kuku mzima, yule wa mayai aliyezeeka, pamoja na maini na firigisi yake.

Na firigisi ndiyo iliyoleta kazi. Kwetu, kama kwa wengi, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Mtoto haigusi, mke haigusi, mgeni anaipata kama ni mgeni wa heshima kweli. Kwenye mchuzi ni rahisi, unaiona na unaipakua. Lakini ndani ya pai kila kitu kimefunikwa, utajuaje iko wapi? Mama akaumaliza ubishi mwenyewe. Aliiweka firigisi nzima kwenye pembe moja ya trei, akafunika ganda, kisha akakata kimwezi kidogo cha unga na kukibandika juu yake. Penye kimwezi ni pa baba. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba, na mimi nikaona hakuna pai nzuri kuliko yetu katika mji huu mzima: upande huu ndege, upande ule mwezi.

Wakati huo nilikuwa na ndoto, bado ninayo. Duka dogo Kings Heath, pale kwenye barabara yenye zogo, kioo mbele, taa ya njano, na ndani pai za watu wa kila namna. Ya Kiingereza yenye liki. Ya wenyeji wa hapa mjini yenye mchuzi wa viungo vya Kipakistani, ile wanayokula wakienda mpirani. Ya Nairobi, kavu na ndogo ya kushika mkononi. Yetu ya tui. Baba mdogo aliniahidi kukaa mlangoni na kofia yake na kuwaita watu.

"Nitapiga kelele mpaka polisi waje," alisema. "Wakija, nao watanunua."

Aliweza. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa. Kwenye gereji ya matairi alikokuwa akifanya kazi hawakuwa na kengele, walikuwa na yeye.

Kitu cha kwanza kubadilika kilikuwa ganda la chini. Jumamosi moja nilikuta amelirudisha kwenye sahani, limelala zima, limekwanguliwa vizuri kama samaki aliyetolewa nyama. Nikamuuliza, nimeliunguza?

"Hapana mama, ni tamu. Limenijaza tu."

Jumamosi iliyofuata likabaki tena. Sasa mimi ni mtu wa matumaini, nikiona wingu nafikiria nguo zitapata kuoshwa. Nikajiambia, basi yeye ni mmoja wa wale wa shuka! Nikaondoa ganda la chini, nikafunika juu tu. Alikula, akanisifu, akalivunja lile la juu vipandevipande na kulilowesha kwenye mchuzi kwanza kama babu asiye na meno. Kila tonge alilisukuma na maji. Nilimjazia glasi mara nyingi nisione kitu. Mama ndiye aliyekuwa akiitazama ile glasi.

Halafu mbweha akaanza kuja.

Mbweha si ajabu huku, wanapita mitaani kama paka. Lakini huyu alichagua nyumba yetu, na alichagua Jumamosi. Mara ya kwanza alikaa mbali, kwenye uzio wa nyuma. Baadaye nikamwona karibu na mapipa ya taka. Alikaa wima, mkia umezunguka miguu, anatazama mlango wa jikoni kama mtu aliyepewa namba anasubiri kuitwa.

"Huyu anasubiri nini kwetu?" mama aliuliza akiwa dirishani.

"Anasikia harufu ya pai yangu," nilisema kwa fahari.

Mama hakucheka. Alifunga pazia mchana kweupe.

Jirani yetu ni mama wa Kikongo, mtu wa Bukavu, muimbaji wa kanisani, na akiingia nyumba inakuwa ndogo. Alinikuta nikipika, akagonga ganda langu kwa ukucha.

"Weye mutoto, hii kitu iko nguvu kama ubao! Miye kwangu nafunika na viazi ya kuponda, natia na karanga kidogo mu supu. Inashuka yenyewe mu koo."

"Nyinyi Wakongo," baba mdogo akamtania kutoka sebuleni, "hata Kiswahili mmekiponda kama viazi."

"Na nyinyi munakisuka-suka kama nywele ya bibi-arusi, mupaka mutu anasinzia mbele mufike ku maana!" Akacheka, kisha akaacha kucheka. Alichungulia sebuleni, akarudi kwangu, akashusha sauti. "Sauti ya baba iko vile tangu lini?"

"Vipi?"

"Kama mutu anaongea chini ya blanketi."

Nikasema ni baridi. Ndivyo baba mdogo mwenyewe alivyosema: baridi ya huku, vumbi la matairi, uzee. Nilikuwa nimeizoea ile sauti, ilivyoshuka kidogokidogo. Jioni hiyo nilimsikiliza akisoma dua ya kula, na nikaona ni kweli, maneno yalikuwa yanatoka yamekwaruzwa.

Nilitengeneza ya viazi. Alikula sahani nzima, nikaruka jikoni peke yangu kama mwehu. Nikampelekea mama wa Kikongo bakuli la shukrani. Alilipokea kwa mikono miwili, akalifunika bila kuonja.

Viazi navyo vikachoka. Vilianza kubaki pembeni ya sahani. Mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari wa gereji, na koti lake likawa linaingia chumbani kabla yake. Alikuwa amepungua urefu siku nyingi. Sasa alikuwa anapungua upana. Mama alimwambia mbele yangu aende kwa daktari. Alimwambia kwa upole, kwa ukali, kisha kwa kunyamaza.

"Daktari ni mtu wa kutafuta," baba mdogo alijibu. "Na mtu akitafuta, lazima apate."

Nilitafuta mimi, kwenye simu. Nikaona Wamarekani wana pai zao: wengine hudondosha juu yake vimkate laini, na wengine, watu wa mashambani huko, wanaiita pai hata kama haina ganda kabisa. Wanakata unga vipande vya mraba na kuvichemsha ndani ya supu ya kuku mpaka viwe laini kama ulimi. Mpishi wangu wa Edgbaston nilipomweleza alishika kifua. "Bab, hiyo ni supu. Nani anakula hivyo?"

"Baba yangu. Kila wiki anataka laini zaidi."

Aliacha kukuna karoti. Amelisha wazee miaka mingi. Alinitazama kwa macho ambayo sikuyapenda, akaniuliza kama anakohoa akila. Nikasema ndiyo, kidogo. Akaniuliza kama amekonda. Nikasema naenda kutoa trei. Ndani ya oveni trei ilikuwa bado haijaiva.

Nilipika ile ya Kimarekani hivyohivyo. Kindege hakikuwa na kazi tena, hakuna ganda la kukishika shingo. Nikakiweka kwenye dirisha la jikoni, mdomo wazi, kikitazama nje. Kimwezi nacho hakikuwa na pa kubandikwa. Mama alikioka peke yake, akaiweka firigisi kwenye bakuli la baba mdogo na kukilaza kimwezi juu, kikaelea.

Nilikuwa nimeona kitu kingine pia. Jumamosi naamka mapema, lakini mama alikuwa ananitangulia. Nikishuka nakuta sufuria ndogo jikoni, moto wa chini kabisa, firigisi peke yake ndani ya maji. Sikuuliza. Nilidhani anaokoa muda.

Baba mdogo alimaliza bakuli. Firigisi aliitia mdomoni mwisho, kama kawaida, akaisifu kwa kidole gumba, akasimama. Siku hizo alikuwa na tabia ya kutoka nje ya mlango wa nyuma baada ya kula, kupunga upepo. Mimi nikapanda juu kuchukua nguo za kufua. Ilikuwa saa kumi jioni, na majira ya baridi saa kumi huku mwanga unakuwa wa majivu. Dirisha la juu linatazama uani.

Mbweha alikuwa karibu sana, hatua chache kutoka mlangoni. Baba mdogo alimpa mgongo kwanza, akashika ukuta, akainama. Mabega yalimtikisika bila sauti. Kisha akatoa kitambaa cha karatasi mfukoni, akatema ndani yake, akakifungua. Firigisi ilikuwa nzima. Aliishika kwa vidole viwili akamwekea mbweha chini, taratibu, kama mtu anayeweka sadaka. Mbweha aliisogelea bila woga. Hawakuwa wageni, hawa wawili.

Nilikaa juu ya nguo chafu. Nikazirudisha Jumamosi zote nyuma, moja baada ya nyingine: ganda la chini, la juu, viazi, supu. Nilikuwa nimeshuka ngazi ile ya ulaini nikiimba, na yeye alikuwa mbele yangu anashuka.

Wiki ile sikuliona duka langu la Kings Heath. Nikifumba macho naona kioo na taa, lakini mlangoni hapakuwa na mtu wa kuita.

Nilifikiri nimwambie mama. Nilifikiri nimwambie yeye. Lakini ungemwambiaje mwanamume, baba, firigisi yako nimeiona? Angekataa firigisi, angekuwa amekataa kiti chake. Ndiyo maana hakuikataa. Angeweza kusema ganda limemjaza, viazi vimemchosha, lakini ile hakuna mwenye nyumba anayeirudisha kwenye sahani.

Jumamosi ikafika. Mama alipakua. Bakuli la baba mdogo likawekwa mbele yake, kimwezi juu. Akasema bismillahi kwa ile sauti ya chini ya blanketi. Nami nikanyoosha mkono, nikasogeza kimwezi kwa kijiko, nikaitoa firigisi na kuitia mdomoni mwangu.

"We mtoto!" Upawa ulimponyoka mama. "Umerukwa na akili? Unakula firigisi ya baba yako, naye yuko hai anakutazama?"

Nilitafuna. Baba mdogo hakufoka. Alinitazama mdomo, anafuata taya zangu zinavyokwenda, na nilipomeza, koo lake nalo likajaribu kumeza.

"Tamu?" aliniuliza.

"Tamu, baba. Laini sana. Hata mtoto mchanga angeimeza."

Aliinamia bakuli. Kimwezi kilikuwa kimeanza kulowa na kuzama upande mmoja.

"Mimi haipiti, mama," alisema, na sikujua anamwambia mama yupi. "Siku nyingi sasa haipiti. Juzi hata maji yalisimama."

Nje uani kitu kilikwaruza mlango, mara moja, kikanyamaza.

"Naichemsha tangu alfajiri," mama akasema polepole. "Kila wiki naiongezea muda. Najiambia, labda leo."

"Kumbe ulijua?"

"Nalala ubavuni mwako. Unadhani sikusikii unavyomeza mate?" Akaokota upawa, akaufuta kwa khanga ingawa haukuwa mchafu. "Na ulikuwa unazipeleka wapi?"

"Nampa jirani wa nje."

"Mbweha!"

"Amenenepa kwa halali," baba mdogo akasema, akajaribu kucheka, na kicheko kikamgeuka kuwa kikohozi kirefu kilichomshikisha meza kwa mikono miwili. Kilipotulia, mama alikuwa amesimama nyuma yake, kamshika mabega.

"Jumatatu tunakwenda."

"Akitafuta atapata, nimekwambia."

"Na apate. Mimi nimechoka kutafuta peke yangu kwenye sufuria."

Walikwenda. Daktari alitafuta, kwa kamera yenye waya mrefu iliyopita mdomoni. Alipata.

Sasa baba mdogo yuko hospitali kule Edgbaston, si mbali na jiko letu, na mimi nikimaliza zamu natembea kwa miguu chini ya ile miti mikubwa. Wanamlisha kwa mrija unaoingia tumboni. Dawa zinaunguza. Madaktari wanasema tungoje, na wakisema hivyo hawatutazami sana machoni. Mpishi wangu amenipa mapumziko marefu ya mchana bila kuuliza, na kila siku ananiuliza kitu kilekile: "Amemeza?" Bado.

Mama hakuniruhusu kuzoea ile firigisi. "Ilikuwa mara moja," aliniambia. "Zina mwenyewe." Kwa hiyo kila Jumamosi bado tunachukua kuku mzima, tunapika pai ndogo ya watu wawili, yenye ganda la chini na la juu, kindege kimerudi katikati kinapumua. Hatubandiki kimwezi. Firigisi tunaiosha, tunaitia kwenye mfuko wa friza. Mfuko umeanza kujaa, na nikifungua friza natamani ungejaa polepole zaidi.

Jana alinivuta mkono. Sauti haipo tena, kuna pumzi yenye umbo la maneno.

"Mfuko umefika wapi?"

Nikamwonyesha kwa mikono. Alitazama ile nafasi kati ya viganja vyangu.

"Usimpe mtu."

"Hata jirani wa nje?"

"Yule hasa."

Nilirudi Lozells kwa basi, giza limeshaingia. Nilipita njia ya nyuma kama siku zote. Mbweha alikuwa amekaa kwenye kizingiti chenyewe, uso kauelekeza mlangoni. Nikatoa ufunguo, nikautikisa. Nikamwambia kwa Kiswahili, maana ndicho alichozoea kukisikia hapa: "Leo hakuna chako. Mwenyewe yuko hai."

Aligeuza shingo, akanitazama. Hakuondoka.